Hodi Ghala

Nimebisha hodi mara tatu,
na tatu ndiyo adabu; ya nne ni ukorofi.
Seva haijui adabu. Nikabisha ya nne, ya kumi na nne,
na kila mara likanijibu neno lile lile, kavu,
bila kufunguliwa hata kidirisha:
*Ruhusa imekataliwa.*

Maskati, Julai, saa tano za usiku.
Mtaa unaitwa Ghala, na kwa sisi wa Kiswahili
jina linajieleza: mahali pa kuweka akiba.
Ghorofa ya tatu, juu ya duka la vigae,
kiyoyozi kinadondoka ndani ya kopo la rangi.
Kesho saa mbili mteja anataka kuona
mizani ya malori ikisoma.
Kazi imekwisha, imo kifuani mwa kompyuta hii.
Kilichobaki ni kuisukuma tu
na haisukumiki.

Nikaanza kuchambua, kama mchele wenye mawe.
Nywila: haikubaliwi tena, siku hizi wanataka tokeni.
Tokeni: ilikufa Ijumaa, siku zake tisini zikatimia,
hakuna aliyeizika.
Nikazaa funguo mpya, pacha:
wa hadhara, hata ukimpa mpita njia hapana neno,
na wa siri, mwari wa ndani, asitoke.
Mashine ikanigombeza: *ufunguo wako uko wazi mno,
kila aliyemo nyumbani anauona.*
Sauti ya bibi yangu kabisa, siku aliyokuta
mlango wa chumba changu haukurudishwa.
Mia sita, nikaandika. Nikamfungia mwari.

Hodi.

*Ruhusa imekataliwa.*

Mama akapiga simu. "Shinuna, wali unapoa."
"Nabisha mlango, mama."
"Wa nani usiku huu?"
"Wa ofisini kwetu."
"Si umo ndani?"

Nikakosa la kusema.
Nikaiamuru mashine inisimulie yote, isifiche hatua,
ikamwaga mistari mia na ushei;
nikateremka nayo kwa kidole kama mtoto wa chuoni
hata nikachoka, nikauliza swali jepesi
nililopaswa kuanza nalo:
mimi unanijua nani?

Na mlango ukaitika kwa bashasha:
*Karibu, Mundhir!*

Mundhir. Aliyehamia Suhar tangu Februari,
akaniachia kompyuta hii na ufuta wa mkate
chini ya herufi, na yeye mwenyewe hakujifuta.
Kila nilipobisha, wakala akatoa kwanza
ufunguo wa Mundhir, kwa uaminifu wote,
na Mundhir hana ruhusa tena hapa.
Kumbe sikukataliwa mimi.
Mimi sijafika hata kizingitini.

Nikafunua kumbukumbu za wiki sita.
Marekebisho sitini na mawili: risiti, mizani,
ile hitilafu ya tani hasi iliyoninyima Idi.
Mwandishi: Mundhir. Mwandishi: Mundhir.
Mwandishi: Mundhir.

Nikalifuta jina. Nikaandika langu,
kwa herufi anazozitumia mama,
si zile alizobahatisha karani wa pasi.
Wakala nikamwambia: huu tu, usitoe mwingine.

Hodi.

Vitu vikahesabiwa. Vikabanwa. Vikaandikwa.
Mia kwa mia.
Hakuna aliyesema karibu;
ulirudi tu mstari mtupu, na kijiti kikipepesa.

Yale sitini na mawili nimeyaacha.
Amri ya kuandika historia upya ipo, naijua,
lakini ukiipitisha, kila mwenye nakala
huamka asubuhi akigombana na yake.
Na wali umeshapoa.

Nikazima taa, nikashuka ngazi.
Mlinzi alikwisha kutia kufuli lango la chini.
Nikagonga, kutoka ndani.

"Nani?"